Herufi U katika Majina ya Nyota

Wapenzi wa lugha, ziko nyota mbinguni zilizobeba neno la Kiswahili katika majina yao, na wengi wetu hatuna habari. Sizungumzii Kilimia wala Zuhura, ambazo wakulima na mabaharia wetu wamezijua tangu zamani. Nazungumzia majina yasiyo na sura ya jina: 4U 1820-30, 4U 1608-52, 4U 1702-429. Wataalamu wa falaki wa Marekani, Ulaya na Japani huyaandika katika makala zao, na huyatamka kwa Kiingereza. Lakini herufi U iliyomo humo si ya Kiingereza. Ni herufi ya kwanza ya neno Uhuru. 4U maana yake ni orodha ya nne ya Uhuru, na tarakimu zinazofuata ni anwani ya nyota angani, kama tunavyotaja latitudo na longitudo za mji.

Jina hilo lilipatikana hivi. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama kwa miguu ya chuma baharini, karibu na Malindi, Kenya. Ndani yake mlikuwa na setilaiti ndogo ya NASA, yenye uzito wa kilo 140 na ushei. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Mradi ulisimamiwa na mhandisi Marjorie Townsend, na utafiti wake wa kisayansi uliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye baadaye, mwaka 2002, alipata Tuzo ya Nobel. Kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe, setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Pwani ile ilifaa kwa sababu iko karibu na ikweta. Hapo uso wa Dunia huzunguka kwa kasi kuliko kwingineko, na roketi hupata msukumo wa bure. Tena setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho ambao ungevuruga vipimo vyake.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Eksirei hizo hazifiki ardhini, maana hewa yetu huzimeza zote. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikilifagia anga ukanda baada ya ukanda, hadi ilipokoma kufanya kazi Machi 1973. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Katika kundinyota la Kantarusi, Uhuru ilikuta chanzo kinachodunda kama moyo, pigo moja kila baada ya sekunde 4.8. Katika kundinyota la Rakisi ikakuta kingine, pigo moja kila baada ya sekunde 1.24. Kitu kikubwa kama Jua hakiwezi kujizungusha kwa kasi hiyo kisichanike. Wanafalaki wakahitimisha kwamba waliyokuwa wakiyaona ni maiti za nyota: mabaki madogo, mazito, yenye mvutano mkali, yanayonyonya gesi kutoka kwa nyota mwenza iliyo hai bado. Gesi hiyo ikiyaangukia hupata joto la mamilioni ya digrii, na joto hilo ndilo litoalo eksirei.

Mabaki hayo huitwa nyota za nyutroni. Nyutroni yenyewe iligunduliwa na James Chadwick mwaka 1932. Miaka miwili tu baadaye Walter Baade na Fritz Zwicky wakaandika kwamba nyota kubwa inayokufa kwa mlipuko huenda ikaacha nyuma tufe la nyutroni. Dhana hiyo ilikaa kama kitendawili kisicho na mteguzi hadi mwaka 1967, Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu huko Cambridge, aliponasa mapigo ya redio kutoka kwa nyota ya namna hiyo. Nyota ya nyutroni ya kawaida ina tungamo la Jua mara 1.4, yaani zaidi ya Dunia 400,000, lakini kipenyo chake ni kilomita 24 au 25 tu. Kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi, ukipiga mstari ulionyooka juu ya ramani, ni zaidi ya kilomita 60. Nyota hiyo ingekaa kati ya miji hii miwili na nafasi ikabaki pande zote. Kijiko kimoja cha chai cha maada yake kingekuwa na zaidi ya tani bilioni moja.

Mimi nilifundisha Fizikia na Hisabati katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, mingi kati ya hiyo nikiwa Wilaya ya Kilosa. Shahada sina. Nilitoka chuo cha ualimu na stashahada yangu na kasha la vitabu. Haya ya nyota zilizobanwa hayakuwamo katika muhtasari wa masomo. Nimeyasoma baada ya kustaafu, wakati uleule niliojipa wa kutunga mashairi.

Mwaka jana nililala Mikumi nikiwa safarini. Mikumi ni mji wa barabara kuu, malori ya Zambia hupumzika hapo usiku, lakini ukigeuka upande wa hifadhi giza ni zito na nyota hujaa hadi upeoni. Nilikuwa nimekaa nje ya mgahawa mtu akanijia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Za safari?”

Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni dereva wa lori. Tukaulizana habari za nyumbani, nikamwonyesha mkia wa Nge na kundinyota la Mshale pembeni yake, nikamsimulia kuhusu herufi U. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

“Nakumbuka somo la densiti, Mwalimu. Ulileta darasani mfuko wa sufi na fungu la singa za mkonge. Siku ile nilielewa kuliko siku zote. Halafu mtihani ukaja kwa Kiingereza. Niliyokuwa nayo kichwani hayakuwa na mahali pa kuandikwa.”

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaja mto alioshindwa kuuvuka zamani, akatafuta njia nyingine ya maisha. Kisha akauliza, “Hizo nyota, ndani zina nini?” Nikaanza kueleza, lakini tingo wake akamwita. Akasimama na kuniambia, “Niandikie basi, Mwalimu, kwa Kiswahili. Binti yangu yuko Kidato cha Pili. Nitamsomea kwenye simu.”

Nimemwandikia. Nayaleta hapa pia niliyomwandikia, kwa kuwa nimeona yanawahusu malenga kuliko nilivyotazamia.

Tuanze na atomu. Sehemu kubwa ya atomu ni utupu. Uzito wake karibu wote umo katika kiini, na kiini ni kidogo mno: tukiivimbisha atomu hadi iwe na upana wa kilomita 10, kiini chake kitakuwa na upana wa takribani sentimita 10, sawa na chungwa kubwa. Jiwe, chuma na hata dhahabu ni utupu uliosimamishwa na elektroni, mfano wa hema linalosimamishwa na vigingi. Nyota kubwa inapoishiwa na fueli, kiini chake cha chuma huelemewa na uzito wake chenyewe. Hema linaanguka. Elektroni zinashindiliwa ndani ya protoni, zinageuka nyutroni, na utupu wote uliokuwamo unakwisha.

Hapa nilitumia mfano niliokulia. Baba yangu alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kimamba, penye korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Singa zilizokauka zilitiwa katika mashine ya kubana, zikashindiliwa hadi zikawa robota. Mtoto akitazama huona mambo mawili. La kwanza, singa zikibanwa hupungua ukubwa, uzito ukabaki uleule. Hiyo ndiyo densiti. La pili, kadiri robota linavyobanwa ndivyo linavyozidi kukaidi. Mkandamizo wa mwanzo ni rahisi. Wa mwisho ni kazi. Sufi haiko hivyo. Sufi hukubali, hukubali tena, ukadhani haina mwisho.

Kule kukaidi kuna jina zuri la Kiswahili: kanieneo. Nawaomba mlitazame neno hili kama tunavyotazama neno ndani ya ubeti. Kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta. Na eneo, yaani mahali inapotua. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Neno lenyewe ni fomula. Mwanafunzi anayelijua Kiswahili amekwisha kupewa jibu ndani ya swali.

Sasa, wanafizikia wanapotaka kujua ndani ya nyota ya nyutroni kuna nini, wanachotafuta hasa ni kanuni moja: ukiibana maada hiyo hadi densiti fulani, itakaidi kwa kanieneo kiasi gani? Kanuni hiyo huitwa mlinganyo wa hali. Je, kitovu cha nyota ni sufi au ni mkonge? Kikiwa sufi, nyota ikiongezewa uzito kidogo tu itabonyea na kutoweka ndani ya shimo jeusi. Kikiwa mkonge, itahimili uzito mkubwa zaidi na itakuwa pana zaidi.

Safari ya kutoka juu kwenda ndani inajulikana kwa sehemu. Juu kuna gamba gumu lenye unene wa kilomita moja hivi, lililojengwa kwa viini vya atomu vilivyojipanga kama fuwele. Chini ya gamba, viini vinasongamana hadi vinaanza kugusana, na hapo maumbo ya ajabu hutokea. Wanafizikia walioyakokotoa maumbo hayo miaka ya 1980 waliona yanafanana na vyakula vya Kiitaliano. Mimi nimeyaona yanafanana na vya kwetu. Kwanza ni kalimati, madonge madonge. Halafu madonge yanaungana kuwa tambi. Tambi zinabanana kuwa chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mwisho chapati nazo zinaungana kuwa mkate mmoja wenye matundu, na matundu yakizibika tumefika ndani, penye bahari ya nyutroni na protoni chache.

Tuendelee kushuka. Kila nyutroni imeundwa kwa chembe tatu ziitwazo kwaki: moja ya juu na mbili za chini. Majina haya yana historia itakayowapendeza. Mwaka 1964 wanafizikia wawili, kila mmoja kwa njia yake, walifikia wazo kwamba chembe hizo zipo. George Zweig aliziita kwa jina la karata ya ree. Murray Gell-Mann alichukua tahajia ya neno lake kutoka katika riwaya ya James Joyce, Finnegans Wake, kitabu kilichojaa michezo ya maneno. Neno la mwandishi wa riwaya ndilo lililoshinda. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba fasihi haina kiti katika baraza la fizikia.

Tabia ya kwaki ni kinyume cha tuliyoyazoea. Sumaku mbili ukizitenganisha, mvutano wao hulegea. Kwaki ukizitenganisha, kinachozifunga hukaza zaidi, kama kamba ya mpira. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuiona kwaki ikitembea peke yake. Zote ni wafungwa, kwa kawaida tatu tatu au mbili mbili. Lakini mwaka 1973, mwaka uleule setilaiti ya Uhuru iliponyamaza, David Gross na Frank Wilczek, na mbali nao David Politzer, walionyesha upande wa pili wa sheria hiyo: kwaki zikisogeleana sana, kamba hulegea, nazo huenenda kana kwamba hazikufungwa. Wataalamu wakaiita tabia hiyo kwa neno la uhuru katika lugha yao, na watatu hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mwaka 1975 John Collins na Malcolm Perry wakauliza swali lililofuata kwa mantiki: ikiwa kubanwa kunaleta uhuru, je, katikati ya nyota ya nyutroni, penye msongo kuliko mahali popote palipobaki kuonekana, nyutroni hazivunjiki kuta na kuwa bahari ya kwaki huru?

Nusu karne baadaye swali bado liko wazi, na sababu yake ni ya kihesabu. Sheria ya kwaki inajulikana na kuandikwa, lakini kuikokotoa katika densiti za nyota hizo kunawashinda hata wenye kompyuta kubwa kuliko zote. Kwa hiyo wanatengeneza vielelezo, na namna wanavyofanya mhakiki wa tenzi ataielewa mara moja.

Chukulia umeletewa mswada wa utenzi ulioliwa na mchwa. Beti za mwanzo zinasomeka. Beti za mwisho zinasomeka. Katikati pameliwa. Utafanyaje? Hutabuni tu. Unajua bahari ya utenzi, kila kipande mizani minane. Unajua kina kinachofunga beti zote. Unajua mhusika alikuwa wapi mwanzoni na amefika wapi mwishoni. Utatunga beti nyingi zinazoweza kuwa ndizo, kisha utazitupa zote zinazovunja kina, mizani au kisa. Zitakazobaki si utenzi wa asili kwa yakini, lakini zinakuonyesha utenzi ulikuwa wa namna gani.

Ndivyo wafanyavyo. Beti za mwanzo ni densiti ya kiini cha kawaida cha atomu na kuzidi kidogo, ambako fizikia ya viini inaaminika. Beti za mwisho ni densiti kubwa mno, makumi ya mara ya ile ya kiini cha atomu, kuliko iliyomo katika nyota yoyote. Huko kwaki ziko karibu kuwa huru na hesabu inawezekana tena. Kitovu cha nyota kimo katikati, palipoliwa na mchwa. Wanatunga milinganyo ya hali kwa maelfu kuunganisha ncha hizo mbili. Kina hakivunjwi: sauti ndani ya maada hiyo haiwezi kwenda kwa kasi kuliko nuru. Mizani haivunjwi: mlinganyo lazima uweze kuibeba nyota nzito kuliko zote zilizopimwa.

Vipimo hutoka angani. Mwaka 2010 ilipimwa nyota ya nyutroni yenye tungamo la karibu Jua mara mbili, na tangu hapo nyingine za namna hiyo zimepatikana. Milinganyo mingi ya sufi ikatupwa siku hiyo, maana isingeweza kuibeba. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya Marekani na Italia ilinasa mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana. Kutokana na jinsi zilivyoumuana kabla ya kugongana, ikaonekana kwamba hazikuwa pana kama milinganyo ya ukaidi mkubwa ilivyotabiri, na hiyo nayo ikatupwa. Darubini ya eksirei iitwayo NICER, iliyofungwa katika kituo cha kimataifa cha angani tangu 2017, imepima nyota yenye tungamo la Jua mara 2.1 hivi na kuikuta na nusukipenyo cha takribani kilomita 12 hadi 14, isiyopungua kitu ukiilinganisha na nyota nyepesi zaidi. Umeongeza uzito kwa nusu na robota halikusinyaa.

Na hapa 4U 1820-30 inarudi katika kisa. Imo katika kundinyota la Mshale, zaidi ya miaka ya nuru 20,000 kutoka kwetu, nayo na mwenza wake huzungukana mara moja kwa kila dakika 11. Heliamu inayonyonywa kutoka kwa mwenza hujikusanya juu ya uso wake, kisha hulipuka ghafla kwa sekunde chache; milipuko hiyo iligunduliwa mwaka 1975. Mng'ao wa mlipuko, joto lake na umbali wa nyota vikijulikana, ukubwa wa uso unaong'aa unaweza kukadiriwa. Hivyo nyota iliyoorodheshwa kwa neno letu ni miongoni mwa zile zinazotumika kuulizia kama kwaki zimepata uhuru. Mwaka 2020 kundi la watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Helsinki, walitoa hoja kwamba katika nyota nzito kuliko zote kitovu kinaonekana kuwa na tabia ya maada ya kwaki. Wengine hawajaridhika. Hoja inaendelea.

Ndugu zangu malenga, sasa nifike kwetu. Sisi tuna istilahi ya zamani: uhuru wa mshairi. Hatuupewi uhuru huo katika nathari. Anayeandika barua au taarifa hana ruhusa ya kukata neno, kulirefusha wala kulipindua. Ruhusa huja pale mizani inapobana na vina vinapodai haki yao. Hapo ndipo inkisari inapohalalika, na mazida, na tabdila. Miaka ya 1970, wakati setilaiti ile ilipokuwa ikizunguka juu ya vichwa vyetu na hata baada yake, wanamapokeo na wanamabadiliko walibishana vikali kama vina na mizani ni pingu. Sitaufufua ubishi huo. Nasema tu kwamba uhuru wa mshairi, kwa jina na kwa tendo, umezaliwa ndani ya msongo. Nilipotambua hivyo nikatunga ubeti huu:

Nyota imejifumbata, uzito usokifani,
Viini vyote vyateta, kwa kubanwa kifuani,
Kwaki hazina ukuta, zazurura uwanjani,
Uhuru zimeupata, palepale gerezani.

“Usio na kifani” umebanwa ukawa “usokifani”, la sivyo mizani ingezidi. Lakini nitahadharishe: ubeti si ushahidi. Kituo changu kinasema zimeupata, kana kwamba kesi imekwisha kuamuliwa. Mwanafizikia mwaminifu angetia alama ya kuuliza. Mfano husaidia kuona njia. Kuthibitisha ni kazi ya vipimo.

Kinachobaki ni neno. Tunahitaji jina la kile kinachotokea, kama kinatokea, kwaki zinapoacha kuwa wafungwa wa nyutroni. Nimesikia wasomi wakisema mambo ya namna hii hayaelezeki kwa Kiswahili. Mimi naona minyambuliko yetu ya vitenzi imekwisha kuifanya nusu ya kazi. Nyutroni zinabanwa: yupo mbanaji, naye ni mvutano. Nyutroni zinabanana: sasa ni zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikimkaidi jirani yake, na huko ndiko kanieneo kunakotoka. Na kwaki je? Tukisema zinafunguliwa, tutakuwa tumemleta askari mwenye ufunguo, na hapo hakuna askari. Zinafunguka. Kiambishi kimoja kimetenganisha jambo linalotendwa na mtu na jambo linalotokea kwa hali yenyewe ilivyo. Mlinganyo wa hali hauombi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo katika karatasi niliyompelekea dereva yule kwa ajili ya binti yake, sentensi ya mwisho ni hii: Nyutroni hubanwa, hubanana, kisha pengine kwaki zikafunguka. Nimelipigia mstari neno pengine ili asije akaliruka anapomsomea. Nanyi, mwenye neno lililo bora kuliko kufunguka na alilete barazani, tulipime kwa maana yake na kwa mizani yake.